Mizizi ya Uluguru inasubiri karakana

*Chapa ya mbao inahitaji ubao, wino, karatasi na mahali pa kufanyia kazi. Morogoro haikosi ubao; inachokosa zaidi ni hicho cha mwisho.*

Simama katikati ya mji wa Morogoro, elekeza uso kusini, kwenye milima ya Uluguru. Lupanga iko mkono wa kushoto. Bondwa, yenye minara ya mawasiliano, iko upande wa kulia. Mkazi wa mji huu hahitaji kuambiwa, maana ameamka na milima hiyo tangu utotoni.

Sasa mpe kijana ubao na patasi auchonge mlima vilevile anavyouona. Apake wino, alaze karatasi, asugue, abandue. Lupanga itakuwa imehamia kulia na Bondwa kushoto. Chapa hugeuza kila kitu: herufi, uso wa mtu, mkono ulioshika jembe. Asiyejua atadhani amekosea kuchora, kumbe hajakosea. Ndivyo chapa ilivyo.

Mchapaji mzoefu huuchora mlima kwenye karatasi nyepesi, huigeuza karatasi, kisha hupitisha mistari kwenye ubao kabla hajagusa patasi. Umbo hilo lililogeuka, kwa kukadiria, ndilo wanaloliona watu walio upande wa pili wa safu, ambao kwao Lupanga haiko kushoto. Kabla ya kuchonga, basi, amelazimika kuufikiria mlima wake kutoka ng'ambo.

Mhariri alinipa swali moja: msanii wa chapa ya mbao anayetaka kutafuta mizizi yake Uluguru ataanzia wapi? Nimelichukua kwa uzito, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mizizi hutafutwa moyoni, na kwamba msanii akishaipata moyoni mengine yatajipa. Sikubaliani na imani hiyo. Sanaa ya chapa hufanywa kwa vifaa, na vifaa vinahitaji nyumba.

Patasi, rola na mgongo wa kijiko

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Ubao hupigwa randa, ukapigwa msasa mpaka uso wake ulainike. Mchoro ukishawekwa, msanii huchimba kwa kisu na patasi ndogo. Panapochimbwa hubaki peupe kwenye karatasi, panapoachwa hushika wino. Maana yake ni kwamba kila anachokichonga ni mwanga, na ule weusi unaoonekana kwenye picha ni mahali ambapo hakugusa.

Wino hutandazwa kwenye kioo kwa rola ya mpira, ukaviringishwa mpaka rola ianze kutoa mlio wa kunata. Mlio huo ndio kipimo. Wino ukiwa mwingi huingia kwenye mistari myembamba na kuizika, ukiwa mchache picha hutoka na mabaka.

Kisha karatasi hulazwa juu, na kama hakuna mashine ya kukandamiza, mgongo wa kijiko hufanya kazi hiyo. Unasuguliwa kwa mizunguko midogo kutoka katikati kwenda pembeni, huku mkono wa pili umeishikilia karatasi isisogee. Kona moja hufunuliwa taratibu kuangalia kama wino umeshika. Nakala za kwanza mara nyingi huwa hafifu, kwa sababu ubao mkavu hunywa wino kabla ya kuutoa.

Nakala nzuri zikipatikana, msanii huzipa namba kwa penseli chini ya picha. 3/20 ni nakala ya tatu kati ya ishirini, na ishirini hizo zikiisha, ahadi ni kwamba ubao hautachapwa tena.

Aina ya mti ndiyo inayoamua mengi. Paina, ile inayojaa kwenye maduka ya mbao ikitokea mashamba makubwa kama Sao Hill huko Mufindi, ni laini, lakini miviringo yake ya kila mwaka ni migumu kuliko nyama iliyo katikati, hivyo kisu huteleza na kuruka. Msaji wa Mtibwa, wilayani Mvomero, una uso mzuri, ila una chembechembe zinazokula makali ya patasi na kukulazimisha kunoa kila mara. Mpingo ni mgumu mno, na ni nadra kupata ubao mpana kutoka shina lake. Plaiwudi ni rahisi na inapatikana, lakini tabaka lake la juu hubanduka vipande kisu kikienda kinyume cha nyuzi.

Kuna mti mwingine ambao ningependa ujaribiwe zaidi: mfenesi. Mbao zake zimetumika tangu zamani katika milango ya nakshi ya Zanzibar, na miteremko ya mashariki ya Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, imejaa mifenesi katikati ya migomba na viungo. Mfenesi uliozeeka na kuacha kuzaa hukatwa bila kugusa msitu wa hifadhi.

> Kila anachokichonga ni mwanga. Weusi unaoonekana kwenye picha ni mahali ambapo hakugusa.

Sanaa ya kigeni?

Wapo wanaosema chapa ya mbao ni jambo la Wazungu na Wajapani, na kwamba Mluguru anayejifunza hiyo ameshaikimbia mizizi yake kabla ya kuanza kuitafuta. Hoja hii husikika mara kwa mara katika sanaa zetu, na inastahili kujibiwa kwa historia.

Kitabu cha kale zaidi cha chapa chenye tarehe kamili, kilichochapwa kwa mbao, ni cha China, mwaka 868. Wajapani waliifikisha sanaa hiyo kwenye kilele, wakichonga ubao mmoja kwa kila rangi kwenye mti wa mcheri, na wimbi kubwa la Hokusai la karibu mwaka 1831 ni miongoni mwa picha za bahari zinazojulikana zaidi duniani. Kwa hiyo Wazungu hawakuwa wa kwanza.

Karibu na nyumbani, mwishoni mwa karne ya 19, kanga za mwanzo za Pwani zilipigwa nakshi kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono, ikachovywa rangi na kugandamizwa kwenye kitambaa. Mama wa Kiluguru aliyeshuka kuuza ndizi na kurudi na kanga mpya alipandisha mlimani kazi ya mchonga mihuri. Sanaa ya ubao na wino imepanda Uluguru mabegani mwa wanawake miaka mingi kabla hajatokea msanii wa kuitundika ukutani.

Morogoro yenyewe inatoa jibu jingine. Salum Abdallah alizaliwa hapa mwaka 1928, akaanzisha Cuban Marimba. Mapigo yale yalivuka bahari kwenye santuri za muziki wa Kuba, gita halikuzaliwa Kilakala, na bado hakuna anayemwambia mzee wa Morogoro kwamba muziki ule si wake. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walifanya vivyo hivyo. Chombo kinaweza kutoka mbali.

Kuna tarehe moja ambayo naona kila kijana wa chapa aijue. Mwaka 1905, katika mji wa Dresden, vijana wanne wa Kijerumani walianzisha kundi la Die Brücke. Walifufua chapa ya mbao kwa ukali mpya, wakichonga kwa nguvu na kuacha alama za patasi zionekane. Sehemu ya nguvu hiyo waliipata kwenye makumbusho ya mji wao, walikotazama vinyago kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Vita vya Maji Maji viliwaka Umatumbi, na mwezi Agosti wapiganaji waliishambulia ngome ya Wajerumani ya Mahenge, ambayo leo iko ndani ya mkoa wa Morogoro. Dola lao lilivunja vijiji vya wachongaji, nao vijana wa Dresden wakaja kujifunza kutokana na michongo ya Waafrika. Sisemi hivyo kuwalaumu wasanii wale. Nasema deni la chapa ya mbao ya kisasa kwa patasi ya Mwafrika ni kubwa, na msanii wa Morogoro anayeishika sanaa hii anaingia kwenye nyumba ambayo babu zake walichangia matofali.

Mwana hiti: nani ana haki ya kuichapa?

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, na ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Waluguru, pamoja na majirani zao Wakwere, Wazaramo na Wakaguru, wana sanamu inayojulikana kama mwana hiti. Ni ndogo, yenye kushikika kwa mkono mmoja. Kiwiliwili ni mche wa mviringo usio na mikono wala miguu. Matiti mawili madogo yameinuliwa kidogo, kitovu kimewekewa alama, na kichwani nywele zimegawanywa mashungi mawili yenye mfereji katikati. Mchongaji ameondoa kila kitu kisichohitajika mpaka pakabaki mwanamke mtarajiwa.

Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hii, akaitunza: akaipaka mafuta, akaitengeneza nywele, huku akifundishwa na wanawake wakubwa mambo ya utu uzima na uzazi. Umbo hilohilo hujitokeza pia kwenye vichwa vya bakora za wakuu na kwenye viti vyenye mgongo mrefu. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi, jina na cheo cha utawala vilipita upande huo, hata cha Kingalu wa Kinole, ambaye wengi walimwendea kuomba mvua. Kwa hiyo sanamu ya msichana haikuwa mwanasesere. Ilibeba ukoo mzima.

Kwa msanii wa chapa, umbo hilo ni kishawishi kikubwa. Ni sahili, lina mistari michache, linajichonga lenyewe kwenye ubao. Ukilichapa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, linapendeza papo hapo, na mgeni wa hotelini atalinunua.

Upande mmoja wa mabishano unasema: ichapwe. Mwana hiti tayari zimo kwenye makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimepigwa picha kwenye vitabu vya bei ghali, zinauzwa na kununuliwa na watu wasioweza kuionyesha Uluguru kwenye ramani. Kumkataza kijana wa Mgeta kuichonga ni kumfungia mlango wa nyumbani kwao huku jirani akiingia kwa dirisha.

Upande wa pili unasema: kilichofundishwa ndani kibaki ndani. Sanamu hii ilikuwa ya mafunzo ya wanawake. Mwanamume anayeichonga kwa ajili ya soko anauza alichokuwa hajapewa, na kwamba mgeni alishakiuza hakumpi ruhusa.

Ninaegemea upande wa pili, ila si kwa kukataza. Msanii na aende kwa wanawake wa ukoo wake, kwa bibi, kwa shangazi, kwa somo aliyewacheza wari. Abishe hodi, akae, aulize. Anaweza kuambiwa ndiyo, anaweza kuambiwa hapana, anaweza kuambiwa chonga hili na lile usiliguse. Yoyote kati ya majibu hayo yatamfikisha karibu na mizizi kuliko picha ya katalogi. Chapa ya mwana hiti iliyochongwa na mtu aliyeiona kwenye kitabu tu ni nakala ya kitabu.

Na kuna jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha: kwa nini tunamfikiria mchongaji huyu kuwa mwanamume? Patasi za chapa ni nyepesi, hazihitaji misuli ya kuangusha mvule. Msichana wa Kiluguru aliyepitia unyago, akapata ridhaa ya waliomfunza, angechonga kitu ambacho hakuna mwanamume angeweza kukijua.

> Anaweza kuambiwa ndiyo, anaweza kuambiwa hapana. Yoyote kati ya majibu hayo yatamfikisha karibu na mizizi kuliko picha ya katalogi.

Matombo, 1955

Mizizi si ngoma na unyago pekee. Naogopa kwamba tukimwambia msanii wa Morogoro atafute mizizi, atakimbilia mwali, chifu na mganga, akaacha mambo ambayo bibi yake aliyaona kwa macho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa jina la kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya shuruti na nzito, na kwenye sehemu nyingi udongo wa juu uliokuwa mwembamba ulifukiwa, mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja aliuawa. Mpango wa matuta ukafa.

Hilo ni tukio la kuchongwa. Lina jembe, lina mlima, lina umati na lina bunduki. Weusi na weupe wa chapa ya mbao ulitumika kwa mambo ya namna hiyo tangu zamani.

Käthe Kollwitz wa Ujerumani alimpoteza mwanawe Peter vitani mwezi Oktoba 1914. Alikuwa tayari bingwa wa kuchora na kuchapa kwa mabamba ya madini na mawe, lakini miaka ilipita akihangaika kutafuta namna ya kulisema jambo hilo. Hatimaye, akiwa amepita miaka 50, aliugeukia ubao, akachonga chapa saba juu ya vita. Humo kuna wazazi waliopiga magoti wakikumbatiana, na kina mama waliojikusanya kuwazungushia watoto mikono. Patasi haikumruhusu kulainisha chochote.

Huyo alitafuta ndani, na alichokikuta ndani kilikuwa msiba wa nchi nzima. Uluguru ina misiba yake na ina ushindi wake. Mteremko wa Mgeta leo umejaa ngazi za mboga zinazolimwa kwa hiari, mistari iliyokaa sambamba kama iliyokatwa kwa kisu kwenye ubao. Mtu akichonga matuta ya shuruti upande mmoja na ngazi za Mgeta upande mwingine, ameshaandika historia ya zaidi ya nusu karne.

Karakana mbili zilizotuponyoka

Sasa narudi kwenye hoja yangu ya nyumba. Tanzania imewahi kuwa na mahali pa namna hii.

Mwaka 1972, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikapata jengo lake jipya. Pale palikuwa na vifaa, walimu na soko chini ya paa moja. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 Kikwetu, kusini mwa Tanzania, alifika akiwa mchongaji wa Kimakonde na inasimuliwa kwamba alianza kama mlinzi. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa tayari yumo kituoni.

Mashetani ya Kimakonde aliyokuwa akiyachonga kwenye mpingo, yenye masikio makubwa na matumbo mbele, Lilanga aliyahamishia kwenye bamba la chapa, kwenye batiki, na baadaye kwenye turubai. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimezunguka dunia. Robino Ntila, mwenzake wa kusini aliyezaliwa 1953, naye alijijengea jina kwa chapa. Hao walikuja na mizizi yao tayari, ila bila mashine, wino na karatasi vya Nyumba ya Sanaa, mashetani yale yasingetoka kwenye mti kwenda kwenye karatasi. Kituo kile hakipo tena.

Karakana ya pili ilikuwa hapahapa mkoani, na watu wengi wa Morogoro hawaijui. Wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, waliofanya mkutano wao mkubwa Morogoro mwaka 1969, walipewa shamba la zamani la mkonge Mazimbu na wakajenga chuo kilichokuja kuitwa Solomon Mahlangu. Baadaye wakapata ardhi nyingine Dakawa, upande wa Mvomero. Huko Dakawa, kwa msaada wa Waswidi, ulianzishwa mradi wa sanaa na ufundi: kufuma na kuchapa vitambaa.

Fikiria hali yao. Walikuwa watu waliotengwa na makaburi ya baba zao, wakiishi kwenye joto la tambarare huku milima ya Nguru na Uluguru ikiwa mbele ya macho, wakitafuta kwa rangi na uzi nchi waliyokatazwa kuikanyaga. Kama kuna watu waliotafuta mizizi ya ndani katika ardhi ya Morogoro, ni hao.

Ukombozi ulipokaribia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi ulihamia Grahamstown, mji unaoitwa leo Makhanda, na ukaenda na jina la Dakawa. Mpaka leo jina la kijiji cha Mvomero linafahamika kwa watu wa sanaa Afrika Kusini. Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majengo tuliyarithi. Karakana ya chapa hatukuirithi.

Waliorudi nyumbani na mashine

Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, aliyezaliwa 1932, ni mmoja wa wachapaji wakubwa wa bara hili. Mwaka 1998 alianzisha warsha za Harmattan huko Agbarha-Otor, kijijini kwao kwenye jimbo la Delta. Wasanii kutoka mijini husafiri kwenda kijijini kujifunza, badala ya kijana wa kijijini kukimbilia Lagos.

Uganda yuko Fred Mutebi, aliyesoma Makerere na kujulikana kwa chapa za mbao za rangi nyingi kutoka ubao mmoja. Namna hiyo ni ya kutisha: unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unarudi kuuchonga ubao uleule, unachapa ya pili juu yake, unachonga tena. Kila hatua inaharibu iliyotangulia, na mwisho ubao umekwisha. Hakuna kurudi nyuma kuongeza nakala.

Baadaye Mutebi aliugeukia mti wa mutuba, ambao gome lake hupondwa kuwa nguo ya Waganda, ufundi ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Alijiunga na wakulima wa Bukomansimbi kuipanda tena mituba iliyokuwa ikikatwa. Kutafuta mizizi kwake kulifika mahali pa kuchimba shimo na kutia mche.

Afrika Kusini, kituo cha Rorke's Drift kilichoanzishwa 1962 na walimu wa Kiswidi kilimpokea John Muafangejo, Mkwanyama wa mpakani mwa Namibia na Angola. Alichonga kwenye lino, bamba laini kuliko ubao, akijaza picha zake maneno na habari za wafalme wa kwao, kanisa lake na upweke wake. Alifariki 1987 akiwa na miaka 44 hivi, na kwa Wanamibia wengi ndiye aliyeonyesha sura yao ya ndani.

Wote hao walikuwa na mlango wa kugonga.

Msitu, soko na pesa

Kuna pingamizi mbili ambazo siwezi kuzipita.

Ya kwanza ni msitu. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, na maji ya Ruvu yanayoinywesha Dar es Salaam yanaanzia huko. Tangu 2008 misitu ya juu ni hifadhi ya mazingira asilia, na haikatwi. Mhifadhi akisikia sanaa ya mbao, ana haki ya kukunja uso. Lakini chapa hula mti kidogo mno. Ubao mmoja wa ukubwa wa sinia hutoa nakala ishirini au hamsini, na hugeuzwa upande wa pili ukachongwa tena. Mabaki ya viwanda vya samani, vipande vya msaji wa kupandwa, mifenesi na miembe iliyozeeka vinatosha karakana nzima.

Ya pili ni soko. Mnunuzi wa kazi za sanaa nchini ameizoea Tingatinga, ambayo Edward Said Tingatinga aliiuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kabla ya kifo chake mwaka 1972. Rangi zile za kung'aa zimelisha familia nyingi na zinastahili heshima. Chapa nyeusi na nyeupe haimwiti mteja barabarani kwa namna hiyo. Hata hivyo ina faida ambayo mchoro wa rangi hauna: kwa kuwa nakala ni nyingi, bei ya kila moja inaweza kushuka mpaka mwalimu wa Kihonda au muuguzi wa Mzinga akaimudu. Picha ya Uluguru ikauzwa kwa mtu wa Uluguru, hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko kuiuza kwa mtalii.

Kinachohitajika

Mashine ya kukandamiza si roketi. Ni roli mbili za chuma, meza ya bati nene inayopita katikati yake, na usukani wa kuzungusha. Fundi wa kuchomelea wa Morogoro akipewa mchoro na vipimo anaweza kuitengeneza. Patasi ndogo zinaweza kufuliwa kutokana na chuma cha miavuli na spoku, kama wachongaji wengi wanavyofanya. Wino na karatasi nzuri ndivyo vitakavyogharimu, maana vinaagizwa, na hapo ndipo halmashauri, chuo au kanisa wanapoweza kuingia.

Pa kuiweka karakana papo. Mazimbu ina historia, ina majengo, na chuo chake kina wataalamu wa misitu wanaoweza kusema kwa uhakika mti upi unashika wino na upi unapasuka. Mtaala mpya wa sekondari umeweka mkondo wa amali, na sanaa bunifu zimo ndani yake. Wanafunzi wa mkondo huo watahitaji pa kufanyia mazoezi, na walimu wao watahitaji pa kujifunzia kwanza.

Yupo pia mtu ambaye hawezi kusubiri bajeti. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku ile ya Matombo mwaka 1955 sasa amepita miaka 80. Bibi aliyekabidhiwa mwana hiti akiwa mwali, ikiwa bado yuko, ana umri huohuo. Kijana mwenye penseli na daftari anaweza kupanda daladala ya Matombo au Kinole Jumamosi hii akaanza kuwasikiliza na kuchora, hata kabla roli ya kwanza haijachomelewa.